Wavu wa ngiri: tishu inaufanyia nini baada ya kufunga kidonda?

DaktariWaZamu

Wakuu, heshima kwenu. Naomba ufafanuzi kutoka kwa wapasuaji na watu wa patholojia.

Ngiri ya kinena tunaitengeneza kwa wavu wa polipropilini, njia ya Lichtenstein (wavu bapa unalazwa juu ya sehemu dhaifu ya kinena na kushonwa). Kidonda kinapona vizuri na mgonjwa anaruhusiwa. Miezi mitatu minne baadaye baadhi yao wanarudi: "Daktari, hapa pamekuwa pagumu." Wengine wanasikia kitu kinawavuta wakiinama. Usaha hakuna, homa hakuna, ngiri haijarudi. Ultrasaundi ikipigwa, wavu unasomeka mdogo kuliko ule uliokatwa mezani.

Je, plastiki yenyewe inasinyaa? Tunafundishwa kwamba polipropilini haina shida na mwili, sasa huo ugumu unatoka wapi? Na hizi nyavu nyepesi zinazouzwa ghali zinasaidia kweli au ni biashara tu? Tena kuna jambo la masharti: tunawakataza kunyanyua hata ndoo ya maji kwa miezi mitatu. Muda huo una msingi wowote kwenye tishu, au tumerithishana?

SlaidiNaRangi

Daktari, tuanze na hiyo kauli kwamba polipropilini haina shida na mwili. Haiozi, na mzio ni nadra mno, hayo ni kweli. Lakini mwili hauipuuzi hata dakika moja, na sisi tunautegemea huo ugomvi. Wavu peke yake hauzuii ngiri. Kinachozuia ni kovu linaloota kupitia matundu yake. Ni habari ya nondo na zege: nondo tupu haibebi ghorofa.

Mambo huenda hivi. Wavu ukishagusana tu na damu na majimaji ya jeraha, protini zinaganda juu yake: albumini, faibrinojeni, faibronektini, kingamwili. Kuanzia hapo seli haziioni plastiki, zinaliona tabaka hilo la protini, na faibrinojeni iliyobadilika umbo juu ya uzi ni mojawapo ya vitu vinavyoziita. Siku ya 1 na ya 2 utakuta nyutrofili, seli nyeupe za ulinzi, ndizo nyingi. Kuanzia siku ya 2 au 3 monositi zinatoka kwenye damu, zinageuka makrofaji na kujaribu kuumeza uzi. Uzi una kipenyo cha maikroni 100 hadi 200 hivi, makrofaji moja ni kama maikroni 20. Haiwezekani. Zikishindwa, baadhi zinaungana na kuwa seli kubwa zenye viini vingi, zinazong'ang'ania uzi huo na kubaki hapo.

Huku nyuma fibroblasti, seli zinazojenga kovu, zinaingia kwenye matundu pamoja na mishipa midogo ya damu. Mwanzoni zinatandaza kolajeni (protini inayoshikilia kovu) aina ya III, nyembamba na dhaifu. Wiki na miezi inayofuata nafasi yake inachukuliwa polepole na aina ya I, ambayo ni nene na imara. Kazi hiyo ya kupanga upya kovu inaendelea hadi miezi 6, hata 12. Mvuta sigara, mwenye kisukari kisichodhibitiwa au anayetumia steroidi hulijenga kovu hilo taratibu na kwa ubora mdogo. Wagonjwa wengi wa ngiri tayari uwiano wao wa kolajeni I kwa III uko chini, na ndiyo sababu mojawapo ya kushona tishu yao kwa yenyewe kushindwa mara kwa mara.

Sasa ugumu. Chukua kipande cha wavu kilichotolewa baada ya miaka, kikate, kipake rangi za kawaida za H&E, ukitazame kwenye hadubini. Utaona duara jeupe pale uzi ulipopita. Ukiweka mwanga wa polaraizi, mabaki ya plastiki yanang'aa. Kulizunguka duara hilo kuna pete ya makrofaji na seli kubwa, kisha pete ya kolajeni, kisha mafuta. Pete ya ndani haiondoki, hata baada ya miaka kadhaa zile makrofaji bado ziko kazini. Tatizo linaanza pale pete za nje za nyuzi mbili jirani zinapokutana.

Timu ya Aachen, Ujerumani, akina Schumpelick, Klinge na Klosterhalfen, walichunguza nyavu nyingi zilizotolewa kwa wagonjwa. Walionyesha kwamba kwa polipropilini, tundu likiwa chini ya milimita 1 pete hizo huwa zinaungana. Tundu linajaa kovu, na wavu mzima unageuka sahani moja isiyokunjika. Tundu likiwa pana, kila uzi unabaki na pete yake, na katikati kunabaki mafuta na tishu laini inayofuata mwendo wa tumbo. Plastiki ni ileile, kilichobadilika ni nafasi kati ya uzi na uzi.

Kwa hiyo plastiki haisinyai. Kovu ndilo linalojivuta, kwa kazi ya maiofibroblasti, seli za kovu zinazojikaza kama misuli, na wavu unakokotwa nalo. Kovu likiwa jingi mvuto ni mkubwa.

KisuNaKoleo

Maelezo mazuri. Naongeza ya mezani, maana kovu linafuata jinsi ulivyoutandika wavu.

Kwanza ukubwa. Amid, aliyeieneza njia ya Lichtenstein kule Los Angeles, aliripoti kusinyaa kwa takriban asilimia 20. Ukisoma takwimu za namna hii, uliza kwanza kama ni asilimia ya urefu au ya eneo, kwa sababu watu wanazichanganya. Tuseme ni ya urefu. Wavu wa sm 7.5 kwa 15 unabaki sm 6 kwa 12. Eneo linashuka kutoka sm za mraba 112.5 hadi 72, zaidi ya theluthi imekwenda. Anayeukata wavu ukatoshea tundu tu anajitafutia ngiri ya pili. Vipimo vya Lichtenstein vinahesabu hasara hiyo tangu mwanzo: wavu uvuke kifundo cha mfupa wa kinena kwa sm 1.5 hadi 2, upande sm 3 hadi 4 juu ya pembetatu ya Hesselbach (eneo dhaifu la ukuta wa kinena), na upite sm 5 hadi 6 upande wa nje wa mlango wa ndani wa mfereji. Kosa linaloonekana zaidi wakati wa kurudia upasuaji ni hapo kwenye mfupa: wavu uliishia ukingoni, kovu likauvuta nyuma, ngiri ikapenya pembeni.

Pili, usiuvute. Mgonjwa yuko chali, misuli imelegea. Akisimama na kukohoa, ukuta wa tumbo unasukumwa mbele. Wavu uliotandikwa ukakaza mezani utavuta mishono yake yote siku atakayoinuka. Uache umelegea kidogo, katikati upande juu. Lakini kulegea si kukunjamana: wavu uliojikunja unakuwa donge la kovu ambalo mgonjwa analishika kwa kidole, na donge hilo likikaa karibu na neva, dawa za maumivu hazitamfaa.

Tatu, mishono. Kwenye ligamenti ya kinena ni mshono endelevu wa polipropilini 2/0, michomo 3 au 4, unaishia usawa wa mlango wa ndani. Usichome utando wa mfupa. Maumivu ya hapo ni ya kudumu. Upande wa juu, mishono miwili ya uzi unaoyeyuka inatosha, baada ya kuiona neva ya iliohipogastriki kwa macho. Mikia miwili ya wavu ipishane nyuma ya kamba ya korodani, ishikwe pamoja kwenye ligamenti kwa mshono mmoja. Ukiishona sambamba bila kuipishanisha, mlango wa ndani unabaki wazi na ngiri ya pembeni inarudi.

Neva ni tatu: ilioinguinali, iliohipogastriki na tawi la uzazi la genitofemorali. Iache kila moja kwenye ganda lake la fasia. Neva iliyovuliwa ganda na kulazwa juu ya wavu itaingia ndani ya ile pete aliyoieleza SlaidiNaRangi. Mwongozo wa kimataifa wa kundi la wataalamu wa ngiri, HerniaSurge, wa 2018 unaweka maumivu sugu yenye uzito kwenye asilimia 10 hadi 12, yakipungua kadiri muda unavyokwenda, na yale yanayomzuia mtu kufanya kazi kati ya 0.5 na 6.

Kuhusu nyavu nyepesi, mimi naona biashara ni kubwa kuliko faida. Zinapunguza ile hali ya kusikia kitu kigeni, hasa miezi ya mwanzo. Maumivu makali ya kudumu hazikuyapunguza.

SlaidiNaRangi

Hapo kwenye wepesi naomba tusiungane haraka, mkuu. Gramu kwa mita ya mraba ni matokeo ya vitu viwili: unene wa uzi na jinsi ulivyofumwa. Unaweza kupata wavu wa gramu 40 wenye matundu madogo, na wa gramu 60 wenye matundu mapana. Tishu haipimi gramu, inapima umbali. Mwongozo huohuo ulioutaja unasema uzito pekee usiwe kigezo cha kuchagua. Mnunuzi wa hospitali aangalie mambo mawili kwenye karatasi ya bidhaa: uzi mmoja usiosukwa, na kipenyo cha tundu kwa milimita. Kama wavu una sehemu inayoyeyuka, aulize kipenyo baada ya sehemu hiyo kwisha.

Halafu kuna hila ambayo karatasi haisemi. Tundu la milimita 1.5 limepimwa wavu ukiwa umelala bila kuvutwa. Uvute upande mmoja, matundu ya aina nyingi yanajibana yanakuwa mianya myembamba, na nyuzi zinasogeleana. Wavu wa matundu mapana uliokazwa wakati wa kushona unapona kama wavu wa matundu madogo. Kwa hiyo ushauri wako wa kuulegeza unahusu mishono na unahusu kovu pia.

Tena nguvu. Hesabu za Aachen zilionyesha ukuta wa tumbo unahitaji takriban niutoni 16 kwa sentimita, na tishu ya kawaida inatanuka inapobebeshwa mzigo. Nyavu nzito za zamani zilikuwa na nguvu mara kadhaa ya hiyo na zilitanuka kidogo sana. Mgonjwa anayesema anavutwa akiinama hakosei: tumbo linataka kutanuka, sahani haitaki.

KisuNaKoleo

Kwenye tundu nakubali. Kwa kinena wala sina ubishi. Ila kwa ngiri kubwa ya kovu la tumboni, hasa mtu mnene ambaye pengo halikufungika katikati, nyavu nyepesi kupita kiasi zimewahi kupasuka katikati. Hapo daraja ni la wavu peke yake, hakuna misuli nyuma yake. Kwangu hapo ni uzito wa kati, uvuke ukingo wa pengo sm 5 kila upande, na pengo lifungwe kwanza kila inapowezekana.

BibiOtoklevu

Kabla mtu hajaleta habari ya kutumia neti za mbu badala ya wavu wa kampuni, niiweke sawa, maana inaulizwa kila mara na wengi wanaisikia nusu.

Ni kweli imefanyiwa utafiti, tena hapa jirani. Mashariki ya Uganda, wanaume 302 wazima wenye ngiri ya kinena waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wavu wa kampuni, nusu kitambaa cha neti ya polithilini. Matokeo yalichapishwa 2016 kwenye New England Journal of Medicine. Baada ya mwaka mmoja ngiri ilikuwa imerudi kwa mtu mmoja upande wa neti, sawa na asilimia 0.7, na hakuna upande wa kampuni. Matatizo ya baada ya upasuaji yalikaribiana: asilimia 30.8 kwa 29.7, mengi yakiwa madogo.

Lakini sikilizeni ni neti gani. Ni polithilini ya uzi mmoja, haijatiwa dawa, matundu karibu milimita 2, uzito gramu 50 na kitu kwa mita ya mraba. Ukilinganisha na maelezo ya SlaidiNaRangi utaona kwa nini tishu iliipokea. Neti ya chumbani ni kitu kingine. Nyingi ni za polista iliyosukwa kwa nyuzi nyingi nyembamba, na zinazogawiwa na serikali zina viuatilifu vya jamii ya pairethroidi. Zile za polithilini nazo dawa imechanganywa ndani ya uzi wenyewe, haitoki kwa kufua.

Na joto. Polipropilini inayeyuka karibu nyuzi 160, polithilini ya namna hii inaanza kulainika ukikaribia 120. Inatakaswa kwa otoklevu, mashine ya mvuke, kwenye nyuzi 121 tu. Mtu akiiingiza kwenye mzunguko wa haraka wa nyuzi 134 inatoka imejikunja na matundu yamezibana. Ikitoka hivyo, itupwe. Msijaribu kuinyoosha kwa mkono. Halafu jambo hili liwe la utaratibu wa hospitali, lenye kibali na kumbukumbu ya kila kipande. Mtu asiamue peke yake usiku wa zamu.

MwanafunziWaTano

Samahani wakubwa, na wale wanaosema kuna nyavu zinazoyeyuka, kwa nini zisitumike hizo ili mtu asibaki na plastiki maisha yake yote?

SlaidiNaRangi

Wavu wa polyglactin, uzi unaoyeyuka, unapoteza nguvu ndani ya wiki 3 hadi 4. Kovu la wakati huo bado lina kolajeni III nyingi. Nguzo imeondoka jengo halijakauka, ngiri inarudi. Unafaa kufunga tumbo kwa muda mahali penye uchafu, si kutibu ngiri moja kwa moja. Zipo zinazokaa mwaka na zaidi, na zipo za ngozi ya mnyama iliyoondolewa seli, lakini bei zake hazizungumziki kwa hospitali nyingi za kwetu.

DaktariWaZamu

Nashukuru sana wakuu, mengi yamenikaa. Yamebaki mawili: kunyanyua mizigo, na usaha. Wavu ukiingia maambukizi lazima utolewe?

KisuNaKoleo

Kunyanyua: miezi mitatu haina msingi, ni urithi wa enzi za kushona tishu kwa kuivuta. Siku ya kwanza wavu unashikwa na mishono na presha ya tumbo yenyewe. Kwa wanyama wa maabara sehemu kubwa ya mshikamano wa tishu na wavu inapatikana ndani ya wiki 2 hadi 4 za mwanzo. Mwongozo wa 2018 unasema mgonjwa wa ngiri ya kinena arudi kwenye shughuli zake mara anapojisikia vizuri, na kwamba hata kazi nzito baada ya siku 3 hadi 5 inaelekea kuwa salama. Isitoshe, vipimo vya presha ndani ya tumbo vinaonyesha kukohoa na kuruka kunapandisha presha kuliko kuinama na kunyanyua mzigo wa kawaida. Unamkataza mama ndoo ya lita 10 kisha unamruhusu na kikohozi chake? Tibu kikohozi, tibu choo kigumu, mwache afanye kazi maumivu yakimruhusu. Ngiri kubwa ya katikati ya tumbo ni mjadala mwingine, hapo mimi ni mwangalifu zaidi.

Usaha: kwanza hakikisha ni usaha. Uvimbe laini wa wiki ya kwanza au ya pili, usio na joto wala wekundu, kwa kawaida ni seroma, majimaji ya ule mwitikio wenyewe yaliyokusanyika kwenye nafasi tupu. Mengi yanakauka ndani ya wiki 6 hadi 8. Usichome sindano kwa sababu tu mgonjwa anaulizia. Sindano hiyo ndiyo inayopeleka bakteria kwenye wavu.

Ikiwa ni maambukizi kweli, aina ya wavu ndiyo inayoamua. Bakteria ana takriban maikroni 1, anaingia kwenye upenyo wowote. Nyutrofili na makrofaji zinahitaji zaidi ya maikroni 10. Polista iliyosukwa ina mianya kati ya nyuzi ambayo adui anaingia na askari hawaingii. PTFE (plastiki ya jamii ya Teflon) yenye vinyweleo nayo ni hivyohivyo. Hizo mara nyingi zinaishia kutolewa. Polipropilini ya uzi mmoja yenye matundu ya zaidi ya maikroni 75, aina ya I kwa mpangilio wa Amid wa 1997, mara nyingi inaokolewa: fungua kidonda, safisha kwa salaini nyingi, ondoa tishu iliyokufa, antibiotiki kwa mujibu wa kalcha, acha wazi au weka shinikizo hasi. Ukiona chembechembe nyekundu za nyama mpya zinachomoza kupitia matundu, wavu umenusurika. Kona iliyolegea na kuelea kwenye usaha ikate. Wavu wote ukielea, utoe, maana tishu haijaushika na haitaushika.

SlaidiNaRangi

Niongeze moja linalopita bila kuonekana. Kidonda kilipona, kisha wiki kadhaa hadi miezi baadaye kinafunguka kijitundu kinachotoa maji membamba, kinafunga, kinafunguka tena. Kalcha ya kawaida inajibu "hakuna kilichoota". Fikiria maikobakteria wasio wa kifua kikuu, hasa Mycobacterium fortuitum na M. chelonae. Wanaishi kwenye maji ya bomba, na njia yao inayojulikana ni vyombo vilivyolowekwa kwenye glutaraldehaidi kisha vikasuuzwa kwa maji yasiyo tasa.

Tuma kipande cha tishu, si pamba iliyopakwa. Kigawe: nusu kwenye fomalini kwa histolojia, nusu kwenye salaini tasa kwa maabara ya vijidudu. Omba rangi ya Ziehl-Neelsen, ambayo kila maabara ya TB inayo, na uandike kwenye fomu kwamba sahani za kalcha zisitupwe baada ya saa 48, zikae angalau siku 7. Hawa huota siku ya 3 hadi ya 7. Jibu likija chanya, usimwanzishie dawa za TB za kawaida, hazitamfaa. Dawa ni kama klarithromaisini na amikasini kulingana na vipimo vya usugu, kwa miezi. Na hapa, tofauti na stafilokokasi, wavu kwa kawaida unatoka hata ukiwa wa aina ya I.

BibiOtoklevu

Na siku hiyohiyo maabara ikithibitisha, mpigie msimamizi wa thieta kabla orodha ya kesho haijaanza. Beseni la kulowekea vyombo limwagwe, na maji ya kusuuzia yapelekwe nayo kupimwa.